Kabla Hujamwita Gaidi: Mafunzo Niliyopata Nikiandika Habari za Ardhi na Mazingira

Vijana wanaonifuata hapa Kwamndolwa, Korogwe, hawaniulizi tena namna ya kuandika kichwa cha habari. Wanajua. Swali lao ni gumu zaidi: mtu anayepinga bomba la mafuta, anayekataa kuhama hifadhini au anayegomea mtambo wa makaa ya mawe, tumwandikeje? Polisi wamemwita mchochezi, mbunge amemwita kibaraka wa mabeberu, na huko ng'ambo mwenzake anaitwa gaidi wa mazingira. Nimeandika habari za mkoa wa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nikilipwa kwa stori, na nimeona watu wa Handeni na Korogwe wakipewa majina ya namna hiyo na wasemaji ambao hawajawahi kulala kijijini kwao hata usiku mmoja. Ninyi mnaotaka kufika mbali katika kazi hii, na ninaamini mtafika, yachukueni haya niliyojifunza.

1. Panga tarehe kabla ya kusoma tuhuma

Juni 2022 nilikuwa stendi ya Korogwe nikingoja gari la kwenda Handeni. Vijana wa stendi walikuwa wamezunguka simu moja, wanatazama video ya Loliondo: watu wamevaa lubega wanakimbia, milio inasikika, mtu anapiga kelele kwa Kimaa. Mmoja akanigeukia. "Mzee, wewe ni mtu wa magazeti. Hawa wameua askari kweli?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nilirudi nyumbani, nikachukua daftari la mjukuu wangu, nikaanza kuandika tarehe peke yake bila maelezo. Mwanzoni mwa juma la pili la Juni, vyombo vya dola vinafika Loliondo kuweka vigingi vya mpaka wa kilomita za mraba 1,500, eneo ambalo leo linaitwa Pololeti. Juni 9, viongozi kadhaa wa eneo hilo wanakamatwa, wakiwamo madiwani wa chama tawala. Juni 10, purukushani inatokea wakati wa kuweka vigingi. Askari polisi mmoja anauawa kwa mshale, wananchi wanajeruhiwa, na wengi wanavuka mpaka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Juni 16, washtakiwa wanafikishwa mahakamani Arusha kwa mauaji ya askari yule na kula njama ya kuua.

Nilipomaliza kuandika nilikaa nikiitazama karatasi. Miongoni mwa walioshtakiwa kwa kifo cha tarehe 10 walikuwamo watu waliokamatwa tarehe 9. Nilishangaa, na nilishangaa zaidi kwamba habari nyingi nilizokuwa nimezisoma zilikuwa na tarehe zote mbili ndani yake, aya tatu au nne zikiwa katikati, na hakuna aliyeziweka pamoja. Mwanasheria wa upande wa mashtaka anaweza kukujibu kwamba njama hupangwa kabla ya tendo, na ana haki ya kusema hivyo mbele ya hakimu. Lakini msomaji alistahili kujua kwamba kuna swali. Tanzania kosa la mauaji halina dhamana. Mtu akishtakiwa nalo hukaa mahabusu akingoja, awe alikuwepo eneo la tukio au hakuwepo.

Askari aliyekufa naye alikuwa na familia, na kifo chake hakipaswi kupita kama tanbihi katika habari za wanaharakati. Nimesoma taarifa za mashirika ya nje zilizomtaja kwa nusu sentensi, nikaudhika. Aliyepigwa mshale na waliopigwa risasi wote ni habari, na tarehe ndizo zinazokusaidia kumtendea haki kila mmoja.

Ukiwa kwenye tarehe, panga na mahali pia. Mwaka ule karibu kila chombo kilichanganya Loliondo na Hifadhi ya Ngorongoro kana kwamba ni eneo moja. Ngorongoro ni eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959, lenye kilomita za mraba 8,292, ambako wafugaji waliruhusiwa kisheria kuishi pamoja na wanyamapori. Loliondo iko kaskazini yake na ina vijiji vilivyosajiliwa, na mgogoro wake wa mpaka una historia yake. Waliokuja kwetu Handeni walitoka Ngorongoro. Waliokimbilia Kenya wakiwa na majeraha walitoka Loliondo. Ukichanganya, unampa msomaji picha kwamba watu waliopanda basi kwa utaratibu na watu waliokimbia milio ya risasi ni kundi lilelile, na kila upande unaichukua picha hiyo na kuitumia unavyotaka.

2. Msomera ina wenyeji pia

Siku ileile ya Juni 16 ambayo washtakiwa walipandishwa kizimbani Arusha, kundi la kwanza la familia liliondoka Ngorongoro kuja Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali ilijenga nyumba za vyumba vitatu, ikagawa mashamba ya ekari tano, ikaleta shule, maji na zahanati. Hoja yake ilikuwa kwamba watu ndani ya hifadhi wameongezeka kutoka kama 8,000 mwaka 1959 hadi kama 100,000, na kwamba ikolojia haiwezi kubeba mzigo huo. Hiyo ni hoja ya mazingira. Waliokataa kuhama nao walikuwa na hoja ya mazingira: kwamba ng'ombe wao na nyumbu wamechunga pamoja vizazi kwa vizazi, na kwamba hoteli na magari ya watalii navyo vina uzito juu ya ardhi ileile. Hoja mbili za uhifadhi zilikutana, lakini moja ikaandikwa kama sayansi na nyingine kama uchochezi.

Nilikwenda Msomera nikiwa na maswali ya wageni tu. Nyumba zikoje, maji yanatoka, watoto wanasoma wapi. Mama mmoja aliyetoka Ngorongoro aliniambia anafurahia kuishi karibu na barabara, na anaumia kwamba wakwe zake wamebaki kule juu kwenye baridi. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja. Nikawa naondoka, mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbali kidogo akaniita. "Mwanangu, umewauliza waliokuja. Sisi tuliokuwepo hatuna la kuulizwa?"

Nilivuta kigoda nikakaa. Handeni haikuwa pori tupu likingoja watu. Ni nchi ya Wazigua, wenye mihogo na mahindi yao, na ya wafugaji waliokuwa wakiingia na kutoka na mifugo yao miaka mingi kabla ya mabasi yale kufika. Mwezi Julai 2024 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu uhamisho ule, na ndani yake walikuwamo wakazi wa zamani wa Msomera waliolalamika kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia wamepewa wengine. Serikali imeeleza muda wote kwamba uhamaji ni wa hiari na kwamba haki zimezingatiwa. Hayo yote yaandikwe. Lakini yule mzee hakuwa mwanaharakati, hakuwa mhamiaji wala hakuwa na cheo, na kwa sababu hiyo hakuwa na nafasi katika habari yoyote iliyokwisha kuandikwa. Nilipomaliza kuzungumza naye jua lilikuwa limezama, na daftari langu lilikuwa na habari tofauti kabisa na ile niliyotumwa kuileta.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu ameitwa mchochezi nauliza kwanza ni nani hajahojiwa. Kila mara yupo.

3. Anayeuliza fidia hajapinga maendeleo

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linaingia mkoani kwetu kwa upande wa Kilindi na Handeni, likapita Korogwe na Muheza. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, huganda yakipoa, kwa hiyo bomba lote lazima lipashwe joto la nyuzi 50 hivi mpaka baharini. Marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani Agosti 2017. TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Tanzania na Uganda yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Nimeyataja haya kwa sababu kijana anayeandika "mradi wetu" au "mradi wao" anatakiwa ajue wenyewe ni akina nani.

Katika kijiji kimoja cha Handeni nilihudhuria mkutano kuhusu mkuza wa bomba, chini ya mwembe. Mama mmoja alisimama akauliza jambo la kawaida kabisa: wathamini walishapita, ameambiwa asipande mazao ya kudumu, sasa misimu inapita, fidia haijafika, na michungwa aliyotaka kupanda ingekuwa imeanza kuzaa. Aliuliza kwa adabu, akaketi. Bwana mmoja aliyekuwa ameketi kando yangu akaninong'oneza, "Huyo ametumwa." Nikamwuliza ametumwa na nani. Akasema, "Hawa wa mazingira."

Yule mama hakutaja mazingira hata mara moja. Alitaja michungwa yake. Nimefikiri sana kuhusu mnong'ono ule, kwa sababu katika mnong'ono ule niliona jinsi swali la shamba linavyobebwa na kuwekwa kwenye kapu la usalama wa taifa kabla halijajibiwa. Likishafika huko hakuna anayelazimika kulijibu, na mwandishi naye anaanza kuogopa kulinukuu.

Jambo hilo lilitokea pia kwa ukubwa zaidi. Septemba 15, 2022, Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaani madhara ya mradi kwa haki za binadamu na mazingira. Viongozi wa Uganda walijibu kwa ukali, wakaliita ukoloni mamboleo. Walikuwa na jambo la msingi: Ulaya imechoma makaa na mafuta kwa zaidi ya karne moja, na inapomwambia Mganda au Mtanzania aache mafuta yake ardhini ina deni la kueleza. Mimi mwenyewe nakubaliana na hasira hiyo. Lakini Oktoba 4 wanafunzi tisa walikamatwa Kampala wakiandamana kwenda ofisi za Umoja wa Ulaya kuunga mkono azimio lile. Walishtakiwa kwa kosa la kero kwa umma na kupelekwa gereza la Luzira. Walikuwa Waganda, wakizungumzia ardhi na maji ya Uganda. Ubishi wa Brussels na Kampala ulikuwa mkubwa kiasi kwamba vyombo vingi viliwaona wale vijana kama sehemu ya Brussels.

Juni 2024, Stephen Kwikiriza, aliyekuwa akifanya kazi na taasisi inayofuatilia mradi huo Uganda, alitoweka Kampala kwa siku kadhaa, kisha akapatikana ametupwa kando ya barabara mbali na mji, akiwa ameumizwa. Mtu wa namna hiyo akishabatizwa jina la mhujumu uchumi, kutoweka kwake hupewa aya mbili. Ndiyo sababu nawasihi: mtu akiuliza fidia, andika ameuliza fidia. Akipinga mradi wote, andika amepinga mradi, na utaje sababu alizotoa. Watu zaidi ya 9,000 upande wa Tanzania wameguswa na ardhi ya mradi huu, na mawazo yao hayafanani.

4. Mahali penye ugaidi wa kweli, jina hilo linaua

Sisi wa Tanga tunajua hofu ya ugaidi ilivyo. Februari 2015 polisi na jeshi walipambana kwa risasi na watu waliojificha mapango ya Amboni, na mwanajeshi mmoja akafa. Kabla ya jua kuzama mji mzima ulikuwa unasema al-Shabaab wameingia. Simu yangu haikutulia. Mhariri mmoja alitaka nithibitishe neno hilo ili liende ukurasa wa mbele. Polisi wenyewe ndio waliotuliza mambo, wakaeleza kwamba waliokuwa wakisakwa ni wahalifu wenye silaha. Nilijifunza siku hiyo jinsi neno linavyotangulia, na ushahidi unavyolifuata nyuma ukihema.

Miaka kadhaa baadaye, katika kikao cha waandishi wa pwani, niliketi karibu na mvuvi wa Lamu aliyealikwa kuzungumza. Alikuwa mtu mpole, anazungumza Kiamu kilichonifanya nitege sikio. Alieleza habari ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa kwao, wa megawati 1,050, karibu na mji ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Waliupinga kwa sababu ya samaki, mikoko na hewa. Nikamwuliza alichoogopa zaidi. Nilidhani atasema moshi. Akasema, "Kuitwa al-Shabaab."

Lamu ilikuwa imeumizwa kweli. Juni 2014 washambuliaji waliingia Mpeketoni na vijiji vya jirani, wakaua watu zaidi ya 60, na al-Shabaab wakasema ni wao. Baada ya hapo doria, amri za kutotoka usiku na misako vikawa sehemu ya maisha, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema tishio lilikuwa la kubuni. Ndani ya hofu hiyohiyo, watu waliokuwa wakipinga bandari mpya ya Lamu na mtambo walijikuta wakihojiwa kama washukiwa wa ugaidi. Desemba 2018 Human Rights Watch na muungano wa watetezi wa haki za binadamu wa Kenya walitoa ripoti kuhusu wanaharakati wa mazingira wa pwani ya Kenya, ikieleza vitisho na ukamataji, na wengine kutuhumiwa kuwa na uhusiano na magaidi.

Kisha soma kilichofuata. Juni 26, 2019, Mahakama ya Mazingira ya Kenya ilifuta leseni ya mtambo ule kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kilichokuwa kinasemwa na wale wavuvi na akina mama wa Lamu katika mikutano, kwamba hawakusikilizwa, ndicho mahakama ilichokikubali. Walishinda kwa karatasi, mawakili na subira ndefu. Sijui gaidi anayekwenda kukata rufaa kwenye mahakama ya mazingira.

Kwa hiyo neno ugaidi likiletwa mezani kwako, hasa mahali ambako damu imemwagika kweli, lipime kuliko kawaida. Tanzania tunayo Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na mtuhumiwa wake hapati dhamana. Kama hajashtakiwa kwa sheria hiyo, usimwite hivyo kwa maneno yako mwenyewe. Kama afisa amemwita hivyo, mtaje afisa, taja cheo chake, kisha uliza: kwa kifungu gani? Nimeuliza swali hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na ukimya unaofuata mara nyingi ni habari yenyewe.

5. Akichoma, andika amechoma

Mpwa wangu aliniletea filamu ya kumbukumbu kwenye flashi, *If a Tree Falls*, ya mwaka 2011, inayohusu kundi la Earth Liberation Front la Marekani. Niliitazama nikitarajia kumwona mtu asiye na hatia. Nikamkuta Daniel McGowan, kijana aliyeshiriki kweli kuteketeza majengo ya kampuni za mbao Oregon mwaka 2001.

Kundi lile lilichoma. Oktoba 1998 liliteketeza majengo ya kituo cha kuteleza kwenye theluji cha Vail, Colorado, hasara ikafika dola milioni 12. Wazimamoto wangeweza kufa. Halikuua mtu, lakini huwezi kuwasha moto usiku ukawa na uhakika hakuna aliyelala ndani. Hata hivyo, Mei 2005 afisa wa FBI aliiambia kamati ya Seneti kwamba wenye itikadi kali za mazingira na haki za wanyama ndio tishio kubwa la ugaidi wa ndani, ingawa Marekani hiyohiyo ilikuwa imepoteza watu 168 Oklahoma City mwaka 1995 kwa bomu la mtu wa mrengo wa kulia aliyeichukia serikali. Magazeti mengi yalinakili kauli ile ya 2005 bila kuweka hesabu hizo mbili pamoja. McGowan alihukumiwa miaka saba mwaka 2007, na mahakama ikaongeza uzito wa adhabu kwa kigezo cha ugaidi.

Jina likishazoeleka kwa anayechoma, halichukui muda kumfikia anayekaa juu ya mti. Atlanta, vijana waliopiga kambi msituni kupinga kituo cha mafunzo ya polisi walishtakiwa kwa ugaidi wa ndani chini ya sheria ya jimbo la Georgia, na Januari 2023 mmoja wa waliopiga kambi, Manuel Esteban Paez Terán, alipigwa risasi na polisi akafa. Ufaransa, Oktoba 2022, waziri wa mambo ya ndani Gérald Darmanin aliwaita waliopinga mabwawa ya umwagiliaji ya Sainte-Soline magaidi wa mazingira. Serikali yake ikalivunja kundi la Les Soulèvements de la Terre mwaka uliofuata, na Novemba 2023 Baraza la Serikali, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, likabatilisha uamuzi huo.

Napenda ukali wa vitenzi. Alichoma. Alirusha jiwe. Alikata uzio. Alisimama barabarani. Vitenzi hivyo vinampa msomaji uwezo wa kuamua mwenyewe uzito wa jambo, na mtu aliyetenda uhalifu hatapata pa kujificha. Sina huruma na mwandishi anayeficha moto kwa kuwa anapenda lengo la aliyeuwasha.

6. Jua gari ni la nani

Hili ni fupi. Sisi wa mikoani tunalipwa kwa stori, nauli tunajitafutia, kwa hiyo gari la ofisi au la mradi likija kutuchukua ni vigumu kulikataa. Nimepanda magari hayo. Ziara huwa na nyumba ya mfano, familia ya mfano na chakula kizuri. Mashirika ya kutetea mazingira nayo yana magari, na familia zao za mfano wa kulia. Panda kama huna njia nyingine, ila mwambie msomaji nani alikupeleka, kisha rudi siku nyingine kwa bodaboda bila kuaga mtu. Mambo niliyoyajua kwa uhakika kuhusu Msomera niliyapata siku za bodaboda.

7. Nenda na kesi mpaka mwisho

Novemba 22, 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa kesi ya Loliondo, na watu 24 wakaachiwa baada ya miezi zaidi ya mitano mahabusu. Siku hiyo nilipita kwa muuza magazeti wa Korogwe nikitafuta habari hiyo ukurasa wa mbele, mahali ambapo zilikuwepo picha zao za Juni. Niliikuta ndani kwenye gazeti moja, imebanwa na matangazo. Vijana wa stendi walikuwa hawajaisikia. Katika vichwa vyao wale watu walikuwa bado wauaji wa askari.

Kwa miaka mingi nimewasikia wahariri wakisema habari imepoa. Kwa mtu aliyetajwa jina gazetini na kuitwa muuaji au mhujumu, habari haipoi. Anaenda nayo sokoni, msibani na kwenye posa ya binti yake. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwaka 1989, alikejeliwa bungeni na kuonekana mwanamke aliyechanganyikiwa. Januari 1999 alipigwa hadi kutoka damu kichwani alipokwenda kupanda miti msitu wa Karura. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 kila chombo kilimwita shujaa. Bustani ingalipo, msitu ungalipo. Lakini wengi waliosimama naye hawakupata tuzo ya kuwasafishia jina, na waandishi walioandika kejeli zile hawakurudi kuwatafuta.

Mgogoro wa Ngorongoro nao haujaisha. Agosti 2024 maelfu walifunga barabara ya hifadhini baada ya tangazo la serikali kufuta vijiji vyao. Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo, na Desemba 1 Rais Samia alikutana na viongozi wa Kimasai Arusha, akatangaza kuunda tume mbili, moja ya kuchunguza mgogoro wa ardhi na nyingine ya kuangalia zoezi la kuhama kwa hiari. Waliofunga barabara miezi mitatu kabla waliitwa wachochezi. Walichokuwa wakidai ndicho tume ziliundwa kukichunguza.

Kwa hiyo nina ombi kwa wahariri wa Dar es Salaam, na nalileta kwa uzito wote wa miaka niliyowatumikia. Mkichapisha picha ya mtuhumiwa ukurasa wa kwanza siku anaposhtakiwa, mchapisheni ukurasa huohuo siku anapoachiwa. Mlipeni nauli mwandishi wa Handeni ili asisubiri gari la mradi. Na ninyi vijana wa Korogwe, Handeni na Kilindi mnaoanza sasa, anzeni na masjala ya mahakama iliyo karibu nanyi: ombeni kuona hati za mashtaka za migogoro ya ardhi, andikeni tarehe, na mwaka ukiisha rudini kuuliza kila kesi iliishaje.